Maji mmebeba?

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya hapa wiki tatu nzima. Siumwi wala sijafukuzwa kazi. Nilikuwa California kwa mama mdogo, na Julai hii nimekatiza jangwa la Mojave kwa gari la umeme. Jamani, joto la Dar es Salaam sitalilalamikia tena.

Tulikuwa watano: baba mdogo kwenye usukani, mama mdogo pembeni yake, halafu nyuma mimi, binti yao Neema mwenye miaka saba, na Bibi, aliyetoka Korogwe kuja kuwatembelea. Tunatoka San Bernardino tunakwenda Las Vegas, kilometa kama 360. Tukiwa bado uani Bibi akauliza, "Maji mmebeba?"

Baba mdogo akatabasamu. Akamjibu kwa adabu, maana yule ni mkwewe, "Mama, hili gari halichemshi kama yale ya zamani."

"Sikuuliza ya gari," akasema Bibi.

Basi hilo swali nikawa nalo njia nzima, na ndilo lililonirudisha hapa. Maana ukiifuatilia historia ya safari za familia kwa gari, tangu ile ya kwanza kabisa, utakuta swali ni hilohilo.

Safari ya kwanza ndefu ya gari duniani ilikuwa ya mama na watoto. Agosti 1888, Bertha Benz alichukua gari alilolitengeneza mumewe Carl, bila kumwambia, akawapakia wanawe Eugen na Richard, wakatoka Mannheim kwenda Pforzheim huko Ujerumani, kilometa zaidi ya 100. Sheli hazikuwepo. Mafuta yalipopungua aliingia duka la dawa katika mji wa Wiesloch akanunua ligroini, kimiminika ambacho watu walikitumia kusafishia nguo. Na maji je? Injini ile ilipozwa kwa maji yaliyokuwa yakichemka na kupotea hewani, kwa hiyo kila baada ya mwendo mfupi ilibidi wasimame wajaze. Mama wa watu, mwezi wa Agosti, anatafuta maji ya gari. Miaka zaidi ya 130 baadaye sisi tunatafuta chaja. Tofauti iko wapi?

Wengi wetu tunadhani gari la umeme ni kitu cha juzi. Sivyo. Mwaka 1900 Marekani ilitengeneza magari 4,192. Ya mvuke yalikuwa 1,681, ya umeme 1,575, na ya petroli 936 tu. Ya petroli ndiyo yaliyoburuza mkia! Hata Clara, mke wa Henry Ford mwenyewe, mwaka 1914 alikuwa akiendesha Detroit Electric, wakati mumewe anauza Model T za petroli kama karanga.

Kilichoyamaliza magari ya umeme, kwa maoni yangu, ni safari kama hii yetu. Mjini yalifaa sana: hayana moshi, hayana kelele, hayana haja ya kuzungusha mkono wa chuma kuwasha injini. Lakini nje ya mji umeme wenyewe haukuwepo. Vijiji vingi vya Marekani vilisubiri hadi sheria ya 1936 ya kupeleka umeme mashambani. Petroli ungeweza kuiweka kwenye dumu ukaenda nayo. Mwaka 1912 Cadillac walipoanza kuuza gari lenye stata ya umeme, na mkono wa chuma nao ukaanza kusahaulika, basi tena.

Haya, turudi jangwani. Tulipanga kuchaji Barstow. Tumefika, chaja mbili hazifanyi kazi na foleni imefika barabarani. Baba mdogo akatazama kioo, akapiga hesabu, akasema tusogee hadi Baker, kilometa 100 mbele. Nje nyuzi 45. Baada ya dakika kumi akazima AC ili kuokoa chaji.

Sitasema uongo, niliogopa. Neema alianza kulia. Bibi, ambaye ana presha, alinyamaza tu na kufunga macho, jasho linamtiririka shingoni. Mkwe hawezi kumwamrisha mkwe. Akaninong'oneza, "Mume wangu, nifungulie dirisha." Nikafungua. Upepo ulioingia ulikuwa kama wa tanuri la mkate.

Mama mdogo hakusema neno. Aliwasha AC, kisha akamwambia mumewe, "Baba Neema, punguza mwendo." Na alikuwa sahihi, nimesoma baadaye. AC ya gari hula kilowati moja hadi tatu hivi, lakini kwenda kilometa 110 kwa saa hula karibu 20. Mlaji mkubwa ni mwendo, maana upepo unalipinga gari zaidi kila unapoongeza. Tukaburuzika upande wa kulia na malori. Tukafika Baker tukiwa na asilimia tisa.

Baker ni kijiji chenye kipimajoto kirefu ajabu, futi 134, kama mita 41. Kimepewa urefu huo kwa sababu tarehe 10 Julai 1913, Death Valley, si mbali na hapo, walipima nyuzi 134 za Fahrenheit, yaani 56.7 za kwetu. Wapo wanaoitilia shaka, lakini ndiyo rekodi rasmi ya dunia hadi leo.

Zamani watu walilivuka jangwa hili wamening'iniza mifuko ya turubai yenye maji mbele ya gari, na wengi walisubiri usiku. Steinbeck, katika riwaya yake ya 1939, The Grapes of Wrath, anawavusha akina Joad usiku. Mpaka leo, ukitoka Baker kuupanda mlima, kuna kibao kinachokushauri uzime AC gari lisichemshe.

Chaji ilikwenda polepole. Betri ilikuwa ya moto na feni zinavuma kama mashine ya kusaga. Betri na joto hawapatani. Mwaka 2012 wenye Nissan Leaf huko Phoenix, Arizona, walianza kuona vipau vya uwezo wa betri vikipungua kabla ya wakati, maana betri ile haikuwa na mfumo wa kuipoza kwa kimiminika kama letu. Kampuni ikalazimika kutoa dhamana ya uwezo wa betri. (Wewe unayetaka kununua Leaf iliyotumika, hesabu vipau kwanza. Mpya ina 12.)

Tukiwa tumekaa kivulini, nikamweleza Bibi habari za Victor Hugo Green, mtu mweusi, mpeleka barua wa Harlem, ambaye mwaka 1936 alianza kuchapa kitabu cha kuwaonyesha wasafiri weusi mahali pa kulala, kula na kujaza mafuta bila kufukuzwa au kupigwa. Kilitoka hadi miaka ya 60. Familia nyeusi zilisafiri na chakula chao, dumu la petroli, hata kopo la haja ndogo, kwa sababu sheli zipo lakini choo si chako. Na huko Las Vegas tulikokuwa tunakwenda, Sammy Davis Jr. aliimba kwenye hoteli kubwa ambazo hakuruhusiwa kulala. Hoteli ya kwanza ya huko kupokea watu wa rangi zote, Moulin Rouge, ilifunguliwa Mei 1955, na hizo kubwa zilikubali kuacha ubaguzi Machi 1960.

Bibi akahesabu kwa vidole. "1960 mimi nimeshavunja ungo," akasema. Akaangalia ile chaja, akaniuliza, "Na hapa choo kipo?"

Kipo, nikamwambia. Akaenda, Neema amemshika mkono.

Jumapili tulirudi. Baba mdogo alituamsha saa tisa usiku, nje bado nyuzi 33. Kwenye buti niliyakuta madumu mawili ya maji, ya lita 20 kila moja. Hakuna aliyeuliza ni ya nini.