Trekta dogo chini ya minara ya Dubai

Eneo linaloitwa leo Jumeirah Lake Towers, mjini Dubai, lilikuwa mchanga mtupu ilipoundwa mamlaka ya DMCC mwaka 2002. Haikupita miaka mingi, pakainuka makundi ya minara yaliyopewa herufi za alfabeti badala ya majina, maziwa yaliyochimbwa na binadamu, na katikati yake mnara wa Almas wenye urefu wa mita 360. Kivuli ndicho kilichokosekana. Katika miji mipya ya Ghuba mitende haisubiriwi ikue. Huletwa ikiwa mikubwa, na mmoja pamoja na bonge la udongo wa mizizi yake huweza kupita uzito wa tani moja.

Kreni huusimamisha mtende na kuondoka. Kinachobaki ni kazi ya kila mwaka: kukata makuti, kuyasomba, kumwaga mbolea, kung'oa miti iliyokufa. Hapo ndipo mwenye dhamana ya bustani hukabiliwa na swali linaloonekana dogo: anunue trekta la namna gani?

Msikilizaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kwenda mbali kuona gharama ya kulijibu swali hilo vibaya. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga huko Tanganyika, ikikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa ikiwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vita vilikuwa vimekwisha juzi tu na viwanda havikuwa na matrekta mapya ya kutosha. Yakanunuliwa makuukuu yaliyoachwa na majeshi, mengine kutoka Ufilipino, na hata vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta katika kiwanda cha Vickers. Nguvu ilikuwapo. Lakini vichaka vya Kongwa vilikuwa na mizizi iliyosukwa chini kama mkeka, mibuyu ilikuwa na nyuki, na udongo wenye mchanga mkali ulizila nyuma za mashine. Kabla ya mwaka huo kwisha matrekta mengi yalikuwa yamelala gereji. Ekari 150,000 ziliwekwa kuwa lengo la mwanzo; zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Mpango ulipofutwa mwaka 1951, hasara ilihesabiwa kuwa pauni milioni 36 hivi. Wagogo, waliozijua nyakati za ukame za nchi yao, walikuwa watu wa mwisho kuulizwa.

Katika miaka hiyo hiyo, mjini Coventry, lilikuwa likitengenezwa trekta la fikra tofauti kabisa. Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini, hakuamini kwamba nguvu ni uzito. Kabla yake jembe lilikokotwa nyuma kama mkokoteni, na likinasa kwenye kisiki, trekta liliweza kuinuka mbele na kumwangukia dereva. Ferguson alilifunga jembe kwa mikono mitatu inayoinuliwa na haidroliki, hata mvuto wa jembe ukawa unalikandamiza trekta chini. Trekta lake la TE20, lililotolewa kuanzia mwaka 1946, lilikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja tu. Yaliuzwa zaidi ya nusu milioni, na mwaka 1958 Edmund Hillary aliwasili Ncha ya Kusini ya dunia kwa matrekta ya aina hiyo. Jina la Massey Ferguson, linalofahamika mno mashambani Kenya na Tanzania, limetokana na huyo.

Wajapani wakalipunguza zaidi. Kampuni ya Kubota ilitoa trekta lake la kwanza la shamba mwaka 1960, na baadaye yakafuata ya vijaruba vya mpunga ambamo mashine kubwa haigeuki. Umbo hilo la bondeni ndilo lililohamia baadaye kwenye bustani za nyumba za Marekani, na sasa za Ghuba.

Pale chini ya minara, basi, kipimo cha kwanza si nguvu za farasi bali upana. Trekta lazima lipite kati ya ukingo wa ziwa na vitanda vya maua, tena bila kuharibu sakafu ya matofali. Katika mitaa ya aina hii njia ya miguu mara nyingi ndiyo paa la maegesho ya magari, na paa hujengwa kwa uzito maalumu. Matairi mapana yasiyo na meno makali hufaa kuliko yale ya shambani.

Kipimo cha pili ni uthabiti, na wauzaji hukipitia upesi mno. Gogo la mtende likiinuliwa kwa kijiko cha mbele, magurudumu ya nyuma huwa mepesi, na trekta fupi hupinduka kwa urahisi. Panahitajika uzito wa kusawazisha nyuma, pamoja na nguzo za chuma za kumkinga dereva, ambazo Sweden ilizifanya kuwa lazima kwa matrekta mapya tangu mwaka 1959. Nguzo hizo bila mkanda wa kiti humkinga kwa sehemu tu. Anayekaa juu ya kiti hicho Dubai kwa kawaida ni kibarua mgeni, na familia inayomtegemea iko ng'ambo ya bahari.

Baada ya hayo ndipo nguvu ya injini huwa na maana, hasa ile inayofika kwenye mhimili wa nyuma unaozungusha mashine ya kusaga matawi. Makuti ni nyuzi tupu. Huizonga mashine dhaifu na kuizima. Na tangu miaka ya 1980 Falme za Kiarabu zinapambana na fukusi mwekundu wa mitende, ambaye funza wake hulila shina kwa ndani huku majani yakionekana ya kijani. Mti ulioshambuliwa sana hukatwa na kusagwa papo hapo. Trekta lisiloweza kazi hiyo humlazimu mtunza bustani kuupakia mtende mgonjwa kwenye lori na kuupitisha mbele ya mitende mizima.