Mwenyeji anapodaiwa kitambulisho: Historia ndani ya sufuria ya kuku wa karanga

Jumapili iliyopita nilialikwa chakula cha mchana na mpwa wangu anayeishi Mowlem, Eastlands, hapa Nairobi. Kuku alikuwa amechanjwa na kupakwa viungo tangu usiku: tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, bizari na pilipili manga. Nilipofika alikuwa akichomwa polepole juu ya jiko la makaa. Ndani, karanga zilizokaangwa, kupepetwa maganda na kusagwa zilikuwa zikitokota pamoja na nyanya na vitunguu. Mwiko haukutulia hadi mafuta yakaelea juu. Kisha vipande vya kuku vikatumbukizwa humo, vikanywa mchuzi. Chakula hicho ni jamaa ya kuku wa kupaka wa Mombasa, ila kule mchuzi ni wa tui la nazi.

Tulipoketi, mpwa wangu akasema kwa fahari, "Mjomba, huyu si broila. Ni kienyeji mwenyewe."

Binti yake akadakia, "Babu, kwani zamani watu walikuwa wanakula kuku gani? Si wote walikuwa tu kuku?"

Mpenzi msomaji, swali hilo ndilo somo letu la leo.

Mtoto alisema kweli. Tulipokuwa wadogo, hakuna aliyesema "kuku wa kienyeji". Kuku alikuwa kuku, basi. Jina hilo refu lilizaliwa baada ya kuku wa gredi kuingia sokoni. Mgeni alipobisha hodi, mwenyeji ndiye aliyedaiwa kitambulisho. Ndivyo ilivyokuwa kwa simu pia. Kabla ya simu za mkononi kuenea nchini kuanzia mwaka 2000, simu ilikuwa simu. Leo ukitaja simu kila mtu anatia mkono mfukoni, na ile ya zamani imebandikwa jina la "simu ya mezani".

Wanaisimu wana istilahi ya majina ya aina hii. Mwaka 1980 William Safire, aliyeandika safu ya lugha ya kila wiki katika gazeti la New York Times, alilieneza neno lililobuniwa na Frank Mankiewicz, ambalo sisi tunaweza kuliita retronimu: jina jipya linalopewa kitu cha zamani kwa sababu kitu kipya kimelitwaa jina lake. Istilahi ni ya juzi, lakini jambo lenyewe ni la kale. Sufuria ya mpwa wangu ilikuwa nalo mara tatu.

La kwanza ni huyo kuku. La pili ni pilipili manga. Neno pilipili lina asili ya Bara Hindi, na lilipitia Uajemi na Uarabuni kabla ya kufika pwani yetu. Lilihusu viungo vya Bara Hindi, sio pilipili kali tunazozijua leo. Hizi kali ni zao la Amerika, na hazingeweza kujulikana huku kabla ya safari ya Columbus ya 1492. Zilipofika, zilikuwa kali kuliko mwenye jina, zikalitwaa. Leo ukimwambia mama mboga akupe pilipili, hakuulizi mara mbili. Ile ya zamani ndiyo inayolazimika kujieleza: pilipili manga. Manga ni jina la kale la Uarabuni, hasa Omani, walikotoka wafanyabiashara walioileta.

La tatu, na ndilo zito zaidi, ni karanga. Mmea wa karanga asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno walifika Brazili mwaka 1500, na meli zao ndizo zilizoivusha Atlantiki hadi Afrika. Hao ndio Wareno ambao Vasco da Gama aliwatangulia kufika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na ambao walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593.

Lakini neno njugu ni la Kibantu, tena limetapakaa katika lugha nyingi za Kibantu. Jina liliwezaje kuwa kongwe kuliko mmea? Jibu ni kwamba lilikuwa na mwenyewe: ile tunayoiita leo njugu mawe. Hii ni ya Afrika, chimbuko lake Afrika Magharibi, nayo huzaa chini ya ardhi kama karanga. Mgeni alipofika, watu waliona anazaa udongoni kama njugu wao, wakampa jina hilohilo, njugu nyasa. Mwenyeji akabandikwa "mawe" kwa ugumu wake.

Na karanga je? Kamusi za zamani zimehifadhi kitenzi karanga, chenye maana ya kaanga. Kwa hivyo wachuuzi wa mitaani Nairobi wanapouza "njugu karanga" hawarudii neno moja mara mbili, kama wanavyodai baadhi ya walimu. Wanasema njugu zilizokaangwa. Sarufi ya mtaani imehifadhi historia ambayo darasa limeisahau.

Basi kuna ubaya gani? Kwanza, tunapotezana. Kikuyu hutumia neno la shina hilohilo la njugu kwa mbaazi. Mtume mtoto sokoni "njugu" hapo Eastlands, na kutegemea anayeuza ni nani, anaweza kukuletea karanga au mbaazi. Njugu mawe hataletewa. Waluhya bado wanaijua kama tsimbande, na Pwani bado wanaipika kwa nazi, lakini yule binti wa Mowlem hajawahi kuisikia. Hapo ndipo hasara ilipo. Njugu mawe huvumilia ukame na udongo duni, sifa tunazozihitaji sana mvua zinapotuhadaa. Ila mtu hawezi kuulizia sokoni kitu asichokijua jina, na mkulima hapandi kisichouliziwa.

Sisemi tumfukuze mgeni. Hata huyo kuku wa kienyeji, babu zake walifugwa kwanza Kusini-Mashariki mwa Asia; uenyeji wake ni wa kukaa sana. Tungewafukuza wageni wote, sufuria ile ingebaki na nini? Ninachosema ni kwamba kamusi zetu, vitabu vya shule na sisi wazazi tulio mezani tuyatofautishe majina: karanga ni karanga, njugu mawe ni njugu mawe, mbaazi ni mbaazi. Anayeandika "njugu" pekee kwa zote tatu hajarahisisha lugha. Amemfutia mmoja jina.

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilipoaga, yule binti alinishika mkono akasema, "Babu, ukija tena utuletee hizo za mawe." Nimeshaagiza kilo mbili kutoka Busia.