Utemi ulirithiwa vipi?

Usukumani, kwa desturi ya zamani, mtoto wa mtemi hakurithi kiti cha baba yake. Wazee walioitwa banang'oma walimchagua mtoto wa dada yake mtemi, kwani ukoo ulifuatwa upande wa mama. Wakati wa ukoloni kiti kikahamia kwa watoto wa kiume wa mtemi, karibu na desturi ya makabaila wa Uingereza. Kule Usiha, Shinyanga, Kidaha Makwaia alimrithi baba yake. Mwaka 1945 akaingia Baraza la Kutunga Sheria.

Mwaka 1963 sheria ilifuta mamlaka ya machifu. Jina la mtemi tunaliheshimu bado, lakini ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, kwa sheria ya 1999. Msikilizaji wetu wa Buseresere, ukigawiwa shamba kwa jina la utemi, ulizia kwanza muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji.