Kisa cha Point (1897)

Tukio la Januari 13, 1897 bandarini Durban, Afrika Kusini. Mfano mzito wa mtu kuwajibika kwa hasira yake mwenyewe. Wazungu walifurika Point, eneo la bandari hiyo, kuwazuia Wahindi wa meli za Courland na Naderi wasishuke. Mohandas Gandhi, mmoja wa abiria hao, aliposhuka jioni, alifuatwa njiani akapigwa mawe, mayai, ngumi na mateke, hadi Bi Alexander, mke wa mkuu wa polisi, alipomkinga kwa mwavuli. Serikali ya London iliagiza washambuliaji washtakiwe. Gandhi alikataa. Hakuwa mwoga: alisema angeweza kumtambua mmoja au wawili, ila lawama aliwapa viongozi waliowachochea. Harry Escombe, mwanasheria mkuu, alimshauri awaulize kwanza marafiki zake. Gandhi akaandika uamuzi wake palepale.