Kigurudumu cha Jino la Nyangumi

Katika karne ya 19, merikebu za Nantucket na New Bedford, nchini Marekani, zilisafiri miaka mitatu au minne kuwinda nyangumi. Bidhaa iliyotafutwa hasa ni mafuta ya kuwashia taa. Meno yalikuwa na thamani ndogo, basi mara nyingi yaliachiwa mabaharia. Katika siku ndefu za kungoja windo, waliyachonga kwa kisu na tupa, wakayang'arisha kwa ngozi ya papa.

Miongoni mwa vyombo vya jikoni walivyovitengeneza, kilichopambwa kuliko vyote ni kigurudumu chenye ukingo wa mawimbi, kilichotiwa mpini, cha kukatia na kufungia kingo za pai. Mpini ulichukua umbo la nyoka, farasi au ngumi ya mtu. Kilikuwa zawadi ya mke, mama au mchumba aliyebaki pwani.

Vingi havina jina la mchongaji. Lakini merikebuni walikuwamo pia Wamarekani weusi na wenyeji wa visiwa vya Cape Verde. Hivyo haifai kuihesabu sanaa hii kuwa ya weupe peke yao. Mafuta yaliteketea tamboni. Kigurudumu kimesalia katika majumba ya makumbusho, ushahidi wa mikono isiyotajwa.