Maji Yanapoudanganya Mzani

Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, Uswisi, alifika Ifakara, katika bonde la Kilombero, Tanzania ya leo, mwaka 1949 akiwatafuta papasi na mbung'o. Mwaka 1957 maabara yake ikafunguliwa mjini humo, na leo ndiyo Taasisi ya Afya Ifakara. Tangu hapo watu wa bonde hilo wamepimwa kila namna: damu chini ya hadubini, vyandarua nyumba kwa nyumba, watoto kwenye mzani.

Mzani wa kliniki kila mama anaujua. Mtoto anavishwa kikaptula, ananing'inizwa huku akilia, nesi anatia nukta kwenye kadi. Ila mtoto mwenye unyafuzi, aina ya utapiamlo mkali, huvimba maji, na kilo zake zaweza kuonekana si haba ilhali nyama imekwisha. Ndiyo maana nesi humbonyeza mguu kwa dole gumba aone kama kishimo kinabaki. Derrick Jelliffe, daktari wa watoto aliyefundisha Makerere, Uganda, aliandika kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 1966 kilichoeneza upimaji wa mzingo wa mkono kwa utepe. Utepe hauhitaji umeme wala fundi, nao huonyesha nyama iliyobaki mkononi.

Kitendawili hichohicho kipo kwa watu wazima wanaosafishwa damu. Daktari Willem Kolff alianza kutumia mashine yake ya kusafisha damu Uholanzi mwaka 1943, vita vikiendelea. Mwaka 1960 daktari Belding Scribner wa Seattle, Marekani, akapata njia ya kumwunganisha mgonjwa na mashine mara kwa mara. Hapo likazuka swali: uzito halisi wa mtu huyu ni upi? Figo zikishindwa kutoa mkojo, kila lita ya maji inayobaki mwilini ni kilo moja. Wahudumu humwondolea mgonjwa maji mpaka afikie uzito mkavu, yaani uzito wake bila maji ya ziada. Akikonda kilo mbili za misuli na maji yakajaza pengo, mzani utasema hajambo, huku moyo unalemewa na pumzi zinabana. Vipo vifaa vinavyopitisha umeme mdogo mwilini na kukadiria maji, misuli na mafuta, lakini ni ghali.

Misuli hupotosha hata kipimo cha figo zenyewe. Krietinini, taka ya damuni inayopimwa ili kujua hali ya figo, hutoka kwenye misuli. Aliyekonda sana anayo kidogo, kwa hiyo majibu yake yaweza kupendeza wakati figo zimechoka. Jambo hilo ni zito Ifakara, ambako watafiti wamekuwa wakichunguza figo za watu wanaoishi na VVU.

Kama una ndugu anayesafishwa damu, mwombe nesi ampime mzingo wa mkono usio na fistula (mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji kwa ajili ya mashine) kila mwezi, baada ya mashine kuzimwa, na namba iandikwe kando ya uzito. Mkono ukipungua na kilo zikabaki palepale, daktari aambiwe siku hiyohiyo.