Damu ya Walalao na Fumbo la Figo

Figo ya binadamu haivumilii kukosa damu. Ikikaa muda mrefu bila kuipata, chembe zake hufa, na mgonjwa huishia kutegemea mashine. Lakini kindi wa ardhini wa Amerika Kaskazini, kila majira ya baridi, hulala usingizi mzito unaoshusha joto la mwili wake hadi nyuzi chache tu juu ya sifuri. Moyo hupiga kwa nadra na figo karibu ziache kabisa kuchuja damu. Akiamka, zinarudi kazini zikiwa nzima.

Mwaka 1969, Albert Dawe na Wilma Spurrier walieleza katika jarida la Science kwamba kindi aliye macho, akiongezewa damu ya aliyelala, naye hulala. Wakaamini damuni mna kichocheo cha usingizi huo.

Peter Oeltgen wa Kentucky, Marekani, alikitafuta katika albumini, protini ya damu. Mwaka 1981, yeye, Spurrier na Robert Myers waliripoti kwamba protini kutoka damu ya marmoti (jamaa ya kindi) aliyelala, ilipoingizwa katika ubongo wa kima, iliwashusha joto na kuwaondolea hamu ya kula, ingawa kima hao kwa asili hawalali usingizi wa baridi. Mwaka 1985 wakaonyesha kwamba hata utendaji wa figo za kima hao hubadilika. Mwaka 1991, Oeltgen na wapasuaji wa Kentucky walitangaza kuhifadhi viungo vya wanyama, figo zikiwemo, kwa siku mbili kwa msaada wa kichocheo hicho.

Pingamizi halikukosekana. Nchini Kanada, Lawrence Wang na wenzake walirudia majaribio ya damu kwa kindi, wasione tofauti ya kuaminika kati ya damu ya aliyelala na ya aliye macho. Mpaka leo hakuna kemikali moja iliyokubaliwa na wanasayansi kuwa ndiyo kichocheo chenyewe.

Hata hivyo, kazi ile haikupotea bure. Iliwafundisha watafiti kuuliza jinsi figo inavyoweza kupumzishwa bila kuuawa, badala ya kuhangaika tu kuiokoa ikishaumia. Figo ya kupandikizwa ikihifadhiwa kwenye ubaridi, kila saa inayopita huipunguzia uhai. Kwa mgonjwa anayeisubiri, jibu la swali hilo lina thamani kubwa kuliko jina la kemikali yoyote, na wanaolitafuta wanastahili kuungwa mkono.